Kiti cha Bwana Hendrik

Knjaževac, Januari

Shangazi Desanka mpenzi,

Sisi wazima. Theluji imefika dirishani, na soksi ulizonitumia zimenikaa vizuri. Shule nimemaliza, lakini kiwandani anakofanya kazi baba sitaajiriwa tena, kinafungwa. Viatu vitashonwa nchi nyingine.

Siku ya mtakatifu wa nyumba yetu, Nikola, baba alimwekea mkurugenzi wao kutoka nchi ya nje, Bwana Hendrik, kiti karibu na mshumaa. Mafundi wote walikuja, yeye hakuja. Kesho yake alimwambia baba, "Umewalisha wote, mimi tu hukunialika."

"Bosi, siku hiyo hatumwaliki mtu. Mlango huwa wazi, anayetupenda anaingia."

"Kwetu asiyealikwa hatakiwi."

Baba alicheka, akidhani yameisha. Kumbe kila nyumba ilipomsherehekea mtakatifu wake, yule bwana alikaa peke yake akingoja kualikwa. Wenye kampuni walipomuuliza kama wabaki hapa, aliwajibu kwamba hatuwataki.

Jumapili iliyopita aligonga mlango wetu. Nilifungua, nikampisha.

"Kaa, bosi, kiti chako hicho," baba alisema.

Mama alimpashia sarma, zile kabichi zake za kufungia nyama. Alikula bila kuvua koti, gari la kumrudisha kwao lilikuwa linamngoja nje. Alipoondoka, baba alisema, "Unaona? Anajua kuja."

Kiti bado kipo pale pale. Usimpigie baba simu wiki hii, Shangazi. Atakwambia ni mzima, kisha atatoka nje kupasua kuni zilizokwisha kupasuliwa.

Binti wa kaka yako,
Jagoda