Kopo la Zabibu Kavu na Kicheche wa Babu

Mpendwa Bi Edna,

Nakusihi unisaidie, kama unavyowasaidia wengine kwenye safu yako gazetini, kabla ya Ijumaa, maana siku hiyo babu yangu anatoka hospitali na sijui nitamtazamaje usoni. Mimi ni karani wa ofisi ya vizazi na vifo hapa Yorkshire, Uingereza, kazi yangu yote ni uangalifu, sijawahi kukosea hata tarehe, lakini sasa naogopa kwamba ninamuua kicheche wa babu polepole kwa mkono wangu mwenyewe.

Babu Wilf alivunjika nyonga wiki tatu zilizopita akaniachia Tansy, kicheche wake jike anayemwingiza mashimoni kufukuza sungura kila majira ya baridi, na akiwa juu ya machela, majirani wote wakisikia, aliniambia, "Nyama tu, Joss. Kicheche si mjukuu, hadekezwi kwa vitamutamu," wakacheka, nami nikaahidi. Siku mbili za kwanza Tansy hakula, alijikunyata tu ndani ya sanduku lake la nyasi kavu kibandani, nikaenda kumuuliza jirani yetu Bi Maureen, ambaye baba yake alifuga vicheche, akasema, "Mlowekee mkate kwenye maziwa, mwanangu. Wa kwetu walikula hivyo miaka arobaini." Nikamuuliza kila mmoja aliishi muda gani. "Nani alihesabu? Akifa huyu, tulichukua mwingine."

Nikaloweka mkate, Tansy akala, akaharisha kutwa nzima. Ndipo kibandani mwa babu, nyuma ya nyavu za sungura, nikaona kopo kuukuu la tumbaku, nikalitikisa nijue kuna nini, na kabla sijafungua kifuniko Tansy alishatoka sandukuni na kunipanda mguu wa suruali. Zilikuwa zabibu kavu. Nilifurahi hadi nikasahau ahadi, nikajiambia kwamba tunda ni afya, basi nikawa nampa tatu asubuhi na tatu nikirudi kazini, siku kumi na mbili mfululizo.

Jumapili nilimwingiza nyumbani, akasimama katikati ya sakafu ya jikoni akikodolea ukuta kama aliyesahau alichofuata, udenda ukimtoka, akijikwaruza mdomo kwa kucha, kisha miguu ya nyuma ikamlegea. Baada ya dakika chache akarudi sawa. Jana ikatokea tena. Sijampeleka kwa daktari wa wanyama kwa sababu mapokezi pale anakaa binamu ya babu, na habari ingefika wodini kabla yangu. Jioni babu akapiga simu.

"Bibi yako mdogo hajambo?" Ndivyo anavyomwita Tansy.

"Hajambo, babu."

"Unampa nini?"

"Nyama tu."

Akanyamaza kidogo. "Vizuri, kijana."

Kunyamaza kule kunaninyima raha hata ofisini. Je, kuna kitu cha kumfurahisha Tansy kisichomdhuru? Na je, nimwambie babu, au ninyamaze?

Joss

Joss,

Jibu hili nimekutumia kwa simu pia, kwa kuwa Tansy hawezi kusubiri gazeti litoke. Mpeleke kwa daktari leo. Binamu ya babu yako apige simu wodini mpaka achoke. Wewe hukupewa ulinzi wa sifa zako, ulipewa mnyama. Kukodoa macho, udenda na miguu kulegea ni dalili za sukari kushuka mwilini, na mara nyingi shida huwa kwenye kongosho. Huenda hukuianzisha wewe, lakini zabibu zako zinaichochea: sukari inapanda ghafla, kisha inaporomoka.

Akizidiwa kabla hujafika, mpake asali kidogo kwenye ufizi, vidole vyako vikiwa mbali na meno, na akizinduka mpe nyama, kisha endelea na safari. Hiyo ndiyo siku pekee ambayo kitu kitamu kitaingia kinywani mwake.

Kicheche ni mla nyama, mwanangu. Tumbo lake halijui tunda, mkate wala maziwa, hata kama baba yake Maureen aliwalisha hivyo wa kwake. Daktari akiruhusu, mfurahishe kwa kipande cha moyo wa kuku, ini kidogo mara moja moja, au nyama iliyokaushwa bila chumvi wala viungo, kisizidi ukucha wa kidole chako kidogo. Ukinunua vitafunio vya dukani, soma maandishi ya nyuma ya pakiti kama unavyosoma hati za ofisini. Ukiona sukari, nafaka au tunda, rudisha. Na kwa sasa asikae na njaa. Mwekee nyama kidogo kidogo kutwa.

Kuhusu babu yako, nashangaa karani makini kama wewe hakuona alichokiandika mwenyewe. Umesema ulitikisa kopo, na Tansy akaja mbio kabla hujafungua. Wewe ulikuwa hujawahi kumpa hata moja. Basi nani alimfundisha mlio ule? Na zile zabibu zilifichwa nyuma ya nyavu na nani?

Mzee aliyewatangazia majirani "nyama tu" amekuwa akimdekeza bibi yake mdogo kibandani, asionwe na mtu. Ndiyo maana alinyamaza kwenye simu. Usiende kumcheka, na usiende kujitetea. Kaa kando ya kitanda chake kabla ya Ijumaa, umweleze ulichofanya na alichosema daktari, mwanzo hadi mwisho, halafu umwachie nafasi ya kusema la kwake. Asiposema, usimlazimishe.

Ila ukinyamaza wewe, Ijumaa mchana atachechemea moja kwa moja hadi kibandani kumpokea Tansy kwa furaha, na kitu cha kwanza atakachokishika ni lile kopo.

Bi Edna