Mkaja Umefika Bujumbura

Ramadhani wangu ameoa jana, Mwajuma, na mimi mama yake nimeiona ngoma nikiwa juu ya meli!

Hujambo, mdogo wangu? Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa. Pale Kibirizi wauza dagaa waliniita, "Mama Mwalimu, panda boti letu, linafika mpaka kijijini kwa mwanao." Nikawajibu kwamba mama wa mwalimu mkuu hakalii magunia ya dagaa. Nikapanda meli, nikaketi kitini, nikanywa chai ya maziwa. Tulipofika usawa wa kijiji nikaiona kanzu yake nyeupe ufukweni, na wanawake wananipungia khanga. Meli haikupunguza hata mwendo.

"Simamisheni! Yule ni mwalimu mkuu!"

Baharia akacheka. "Mama, hata angekuwa waziri, sisi tunasimama Bujumbura."

Basi nakula samaki wao wa mukeke wa kuchoma hapa Bujumbura, mchungu kama shubiri. Mkaja wa kumpa mama wa bibi harusi bado umo kikapuni mwangu. Sijui wameazima khanga ya nani kumpa badala yake.

Usimwambie mtu nilipanda nini. Sema tu kwamba Mama Ramadhani anampokea mkwewe hapo Ujiji kwa karamu isiyopata kuonekana, na waje wote siku ya Ijumaa.