Viwili vya Nairobi Vinanitosha

Mama, shikamoo.

Mvua ya Uluguru imetufungia barazani hapa klabuni Morogoro, tukawa tunachagua viwanja vya gofu vya kwenda kuchezea Kenya. Wenzangu wanataka vitano, mpaka Mombasa. Nikasema nanyonyesha, viwili vya Nairobi vinanitosha.

"Basi aende mwingine," kapteni wetu, Bi Halima, akaniambia. "Gofu siyo kliniki."

"Aende, dada. Lakini juzi niliwashinda wote huku maziwa yakilowesha blauzi."

Bi Halima akaifuta Mombasa kwenye orodha, akauliza, "Na mtoto nani atamshika ukicheza?"

Nimekutaja wewe, mama. Najua karanga zinasubiri kung'olewa. Ukishindwa kufuatana nasi Nairobi, siendi, na sitakulaumu. Mjukuu wako Neema simwachi.

Mungu akutunze.

Mwanao,
Rehema