Kwa Mzee Milimita, Aliyetufukuza Sebuleni

Mwaka umetimia tangu utuache, Baba Watoto, na bado tuna ugomvi na wewe.

Miaka kumi na tisa ulipima majengo ya watu kwa skana ya leza. Stesheni kuukuu kabla haijabomolewa, maktaba, daraja lenye nyufa, vyote ukavihifadhi kwenye kompyuta kwa mamilioni ya vitone, ili atakayejenga upya asikosee hata kidogo. Ndiyo maana kazini wakakuita Mzee Milimita. Nyumbani mlango wa bafu ulikuwa haufungi, ukaupima, ukatutangazia kuwa umepinda milimita sita. Kuutengeneza hukuutengeneza.

Ulikuwa mpole. Walinzi wa majengo uliwajua kwa majina na kuwauliza habari za watoto wao. Lakini mashine ikianza kuzunguka, upole ulikwisha. "Tokeni, tokeni, mtaingia kwenye vipimo." Nawe unajibanza nyuma ya mlango, leza isikuone.

Sasa tazama ulichotufanyia. Tumetafuta picha yako ya kuweka kwenye tangazo hili, tukapata ya kitambulisho tu, umenuna kama mtu aliyekanyagwa kidole. Binti yako akafungua kompyuta yako, akahangaika wiki nzima. Vyumba mia nne na ushee, ngazi, viti, feni, na wewe hata kivuli chako hakimo. Nikasema mzee huyu ametukomoa.

Kisha akafika kwenye sebule yetu. Siku ulipoipima niliingia na kikombe chako cha chai mashine ikizunguka, ukachomoka nyuma ya mlango mkono juu. "Mama Watoto, umeniharibia kazi." Ukaninunia siku mbili. Ukaniambia umeifuta, umeanza upya.

Hukuifuta. Tumo, mimi na kikombe, na wewe mdomo wazi, na mikono mitatu, mashine ilivyokunasa kwa sababu hukutulia. Faili umeliandika: "Sebule ikiwa kamili. Isifutwe."

Mwongo mkubwa wewe. Nimelia mpaka nimechoka, na picha yenyewe ndiyo hiyo hapo juu.

Unakumbukwa na mimi mkeo, binti yako, mwanao anayehangaika na ule mlango wa bafu, mkweo, wajukuu watatu na wenzako wa kazini. Siku zote utakuwa mioyoni mwetu, na safari hii sebuleni hatutoki ng'o.