Bwana Yangu Ameingia Krechi

Nabintu mutoto yangu,

Kaa na amani kwanza, kisha usikilize. Mutoto wako iko muzima, anakula, na masikio yake haina shida hata kidogo. Nimeanza na hiyo kwa sababu nakujua wewe, ungenikata maneno katikati.

Vile ulitaka, ndivyo nimefanya. Siku ile ku hospitali ulinishika mukono ukasema, "Mama, usimuache akulie mu soko. Umupeleke ku krechi ile ya Nguba, kule banaangaliaka batoto wadogo, akae na wenzake." Nilikasirika, nakuambia ukweli. Nyinyi wote mulikulia chini ya meza yangu ya kuuzia samaki sambaza pale soko ya Kadutu, na hakuna mwenye alipotea. Wewe mwenyewe ulisomea pale, juu ya gunia, mpaka ukapata kazi ya ofisi, halafu ofisi ikakufundisha kama meza ya mama yako haifai. Lakini niliangalia vile ulikuwa umekonda, nikakufunika shuka vizuri.

Bwana wako angali mu machimbo ya zahabu kule Shabunda. Alituma neno kama krechi atalipa yeye, na analipa, sina la kumusema. Basi nikamuosha mutoto, nikamupakaa mafuta, nikamufunga mu mugongo, tukashuka.

Alilia, Nabintu. Alishika kikwembe yangu, ile kitenge ya kumubebea, na meno. Mumoja wa wale bamama wanaangaliaka batoto, kule bote banaitwa tantine, akamufungua kidole kimoja kimoja, na mimi nikatoka bila kugeuka, kwa kuwa ningegeuka ningemurudisha nyumbani. Siku ya kufuata vilevile. Batoto bengine balilia, bakanyamaza, bakacheza. Wa kwako alienda kukaa pembeni ya ukuta, uji yao hakugusa, na yeye hakuangalia mutu.

Halafu direktrisi, mukubwa wa krechi, akaniita. Mwanamuke wa miwani, anaongea polepole kama vile mimi ndiye nasikia vibaya. Akasema, "Maman, huyu mutoto tunamuita, tunamuita, hageuke. Nafikiri hasikii. Mumupeleke kwanza kwa muganga wa masikio, kisha tutaona kama tunaweza kubaki naye."

Unajua kitu gani niliwaza. Kinini. Ile homa ilimupata angali na meno mbili tu, bakamutia kinini nyingi mu mushipa, ile dawa ya malaria yenye inaweza kuua masikio, na kisha pale ukawa unapiga mufuniko ya sufuria nyuma ya kichwa yake kila siku, uone kama atashtuka. Nilikuwa nakuchekaka. Nilisema uache kutesa mutoto wa watu. Lakini siku ile, kupanda vijia vya Kadutu na yeye mugongoni, kicheko haikuwapo. Nikawaza kama pengine uliona kitu yenye mimi sikuona.

Tukafika nyumbani. Nikaingia mu chumba ya pili, nikafungua paketi ya biskuti polepole. Akakuja anakimbia. Sasa huyu ni kiziwi gani mwenye kusikia biskuti?

Asubui sikuenda ku soko. Nilirudi Nguba na hasira yangu yote, nikasema leo nakaa hapa mu mulango, niangalie. Direktrisi hakupenda, lakini nilikuwa nimeisha kukaa. Batantine bakaanza kuita batoto kuja kunawa mikono. Tantine mumoja akaita, "Josué! Josué!" Na mimi, Nabintu, usicheke, na mimi nikageuza kichwa kutafuta huyo Josué iko wapi, mutoto wa nani huyo bila adabu, anaitwa tu na hajibu.

Kumbe ni wetu.

Nani alimuitaka Josué hata siku moja? Jina ile uliiandikisha ku kanisa, ukaiacha kulekule ku kanisa. Kisha ukamupa jina ya baba yako, kwa hiyo wewe ukawa unamuita Papa. Majirani banamuita Muzee. Na mimi, jina ya bwana yangu haijatoka mu kinywa yangu tangu niolewe, siwezi kuianza leo juu ya mutoto wa miaka mbili. Namuita bwana yangu, vile mama yangu alikuwa anaita wajukuu wake. Hiyo Josué hakuna mwenye alimuonyesha mutoto kama ni yeye.

Nikasema nyuma yake, bila kupaza sauti, "Bwana yangu, kuja unawe mikono."

Akageuka mwili wote. Akasimama, akakuja, akanawa.

Batantine bakaangaliana. Mumoja, Espérance, binti wa mudomo kweli, akaniita bibi, akaniuliza, "Koko, kumbe huyu ni bwana yako? Na iko na wivu?" Nikamujibu iko na wivu kupita ule wa kwanza, na ule wa kwanza alikuwa mubaya. Bakacheka mpaka na mwenye miwani akacheka. Nikabaeleza mambo ya majina. Direktrisi akashika kichwa, akasema na yeye kwao alipewa jina ya mama ya baba yake, na mama yake mwenyewe alimuita mama mukwe mpaka alipoanza shule. Nikamuambia, "Sasa mama mukwe, hiyo akili jana ulikuwa umeiweka wapi?"

Tukapatana bamuite Muzee Josué, kisha polepole Muzee bataiangusha. Nyumbani na mimi najilazimisha. Josué, kula. Josué, shuka pale. Ulimi inakataa, lakini inaenda.

Sasa uji yao ya soya anamaliza na anaomba ingine. Analala na wenzake ku matela, magodoro yao madogo. Ameleta wimbo ya vidole ya kifaransa, anaiimba vibaya, na ananikosoa mimi. Mugongo yangu inapumua, Nabintu. Ku soko nainama kubeba gunia bila kufikiri mutoto ataanguka. Sikujua kama nilichoka hivi. Unichekee mara moja tu, maana sitaisema tena.

Saa ya kutoka, bengine banachukuliwa na bamama bao. Yeye anasimama anaangalia. Hajaniuliza bado. Akiniuliza, mimi... Tuache kwanza hiyo.

Jana nilienda kumuchukua. Alikuwa anapanga vipande vya mbao na kabinti kamoja. Nikaita, Josué. Kimya. Nikaita, bwana yangu. Kimya. Nikaanza tena kuwaza kinini. Halafu akaniangalia na pembe ya jicho, vizuri kabisa, akarudilia mbao zake. Anasikia, mutoto yangu. Anakataa tu kurudi nyumbani. Hiyo kichwa ngumu si ya baba yako, ni ya kwako. Nikakaa ku ngazi nikamungojea amalize.

Bakia salama pale tulikuzika, Nabintu. Siku ataniuliza juu yako nitamuambia yote, bila kukupamba. Na kila asubui yenye Mungu ataniamusha na miguu, nitamushusha Nguba.

Mimi mama yako.