Kiboksi cha Besi

Wangari wangu,

Mombasa inakuchoma bado? Hapa Othaya majani chai yamechipuka, na ng'ombe amezaa ndume. Tangu mke wangu, shosho yako, atutoke, hizo habari zote naambia redio.

Umeuliza ununue kiboksi gani cha kuunganisha gitaa la besi na mashine ya kurekodi. Gitaa lako tayari lina betri, kwa hivyo kile cha bei rahisi, kisichotumia stima, kinatosha. Angalia tu kiwe cha chuma, na kiwe na swichi ya kukata mvumo.

Mimi nilirekodi na kiboksi kama hicho mara moja, Nyeri mjini, tukiwa vijana. Nilipokuwa napiga besi peke yangu, shosho yako alikaa kando yangu akiimba kwa nguvu. Nikajaribu kumnyamazisha. Fundi akacheka: "Mwache aimbe. Hiyo kitu inachukua sauti ya waya peke yake, hata akipiga nduru haingii." Tulifurahi kweli.

Juzi nilisikiliza hiyo kaseti. Besi ni safi kabisa. Yeye hayuko.

Nunua kiboksi, mama. Lakini ukianza kupiga, weka na simu karibu, ichukue chumba chote. Kohoa, cheka, imba vibaya. Wewe ndiye uko na jina lake.

Guka, babu yako