Mtani Dismas, Ndege Wako Amepona

Mtani wangu Dismas,

Nianze na lile ambalo ungeniuliza hata kabla ya salamu: ndege ni mzima. Amekula, amechafua gazeti lake kama inavyotakiwa, amepiga kelele asubuhi nzima, na jana alimng'ata kidole mtu aliyedhani wamezoeana. Kwa hiyo tulia huko uliko. Mengine nitakueleza polepole. Mengi hayanipi sifa, lakini hilo ulishalizoea.

Sijawahi kumwandikia mtu asiye na anwani. Nimekaa hapa hotelini kwangu, kwenye meza ya pembeni, wateja wa chai wameondoka na mvua imetupumzisha kidogo. Mke wangu amepita akaniuliza naandika nini, nikamwambia mahitaji ya jikoni. Ningemwambia naandika barua kwa Mfipa aliyekufa, angenipeleka kwa mganga, tena angechagua mganga wa kwenu Ufipa, mambo yakaharibika moja kwa moja.

Tangu tukuzike kiangazi kile, mvua imekuja ya ajabu. Redio inaiita El Nino. Treni ya Tabora hatuijui tena sura yake, reli imechukuliwa na maji huko njiani. Barabara ya Sitalike ni tope tupu, na mchele wa Majimoto ukifika mjini watu wanaupokea kama mgeni. Kibaraza chako kipo. Cherehani ipo, na anayeikanyaga sasa ni Mama Felista mwenyewe. Mitumba imejaa sokoni, lakini haiji na mtu wa kuipunguza kiuno, kwa hiyo mkeo kazi anazo. Tena, usiniulize nani kaniambia, anamaliza nguo siku aliyoahidi. Wateja wako wa zamani hawajazoea, wanadhani kuna kosa.

Unakumbuka mazishi yako? Basi, ulikuwepo lakini umelala. Nilikufanyia utani kama Mnyamwezi anavyopaswa kumfanyia Mfipa wake. Nilivaa futi yako ya kupimia nguo shingoni, nikachomeka chaki nyuma ya sikio, nikasimama mlangoni nikimwambia kila mwombolezaji: "Njoo kesho." Walicheka huku wanalia, maana hakukuwa na mtu mle ndani ambaye hukuwahi kumwambia hivyo. Mimi mwenyewe ulikuwa na suruali yangu ya kaki. Umekufa haina zipu.

Kisha nikafanya lile jingine la watani, kushika kitu cha marehemu na kukataa kukiachia mpaka wafiwa wakikomboe. Wenzangu walishika kofia na jembe. Mimi, kwa kujiona mjanja, nikashika tundu la ndege. Nilijua hapo Mama Felista atatoa hata jogoo, maana kasuku yule mdogo wa kijani, mwenye uso wa njano na mgongo wa mistari kama kitenge, ulimpenda tangu sista wa misheni alipokuachia akirudi kwao Ulaya. Nikalipakata tundu, nikatangaza: "Huyu sasa ni mateka wa Unyamwezi!"

Na yeye, ndege asiye na adabu, akafungua mdomo mbele ya msiba mzima. Kwa sauti yako, Dismas. Sauti yako kama ungekuwa umemeza filimbi: "Njoo kesho."

Mama Felista akajifunika khanga usoni. Alipojifunua hakuwa na hasira, aliniambia taratibu tu, "Mtani, mchukue. Sauti hiyo siiwezi."

Sijawahi kusikia mtani aliyeteka kitu, wenyewe wakakataa kukikomboa. Nilirudi nyumbani na tundu kichwani. Nilikusikia kabisa ukisema kwamba Mnyamwezi hata msibani lazima apate mzigo.

Mwanzoni tuliishi vizuri. Nilimtundika kibarazani mwa hoteli. Mtu akiuliza kama chai ipo, anajibiwa "Njoo kesho", na wageni wengine kweli waliondoka. Nilivumilia. Mvua zilipoanza, baridi ikaingia na upepo ukawa unarusha maji hadi kibarazani, nikamwonea huruma. Nikamhamishia jikoni, karibu kabisa na jiko la maandazi, apate joto. Nilijisifu kwa hilo. Nilijisifu hata kwa sauti.

Alianza kwa kunyamaza. Nikasema amechoshwa na mvua kama sisi. Akaanza kusinzia mchana. Zamani akilala alikuwa anakunja mguu mmoja, si ndiyo? Sasa akawa ameshikilia kijiti kwa miguu yote miwili kama abiria juu ya lori la Sumbawanga. Manyoya akayatimua mpaka akawa mpira. Siku moja nikakuta ameshuka, amekaa chini kwenye sakafu ya tundu, pembeni, amejikunyata.

Sasa niambie wewe. Kwetu hapa, nani anakaa chini, amejifunika gubigubi, hasemi na mtu? Mfiwa. Nikasema basi, ndege ameelewa. Amekuita wee hukuitika, sasa amekaa matanga. Na mimi mtu wa heshima nikamwachia aomboleze. Niliwaambia wateja wapunguze sauti. Nilivuta kigoda nikakaa naye. Nilimpa pole, Dismas! Mgonjwa hana pumzi, mimi nampa pole ya msiba. Chakula nacho nilikitazama, nikaona kikombe kimejaa hadi juu, nikasema wafiwa ndivyo walivyo, hawali.

Jumapili moja, watu wakitoka misa, Mama Felista akaingia hotelini, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Hakuwa amekanyaga kwangu tangu msiba. Alisimama mlangoni kama mtu aliyesahau alichotumwa, kisha akasema, "Mtani, leo nimekuja kumsikiliza. Naona sasa nitaiweza."

Nikampeleka jikoni. Nikamwambia kwa sauti ya kanisani, "Anaomboleza."

Akainama. Akatazama. Halafu: "Anaomboleza nini wewe mzee? Huyu anaumwa!"

Mtani, sijawahi kufundishwa haraka vile. "Tazama mkia wake. Unaona unavyopanda na kushuka kila akivuta pumzi? Tangu lini?" Sikujua tangu lini. Akavuta gazeti chini ya tundu, akanionyesha kinyesi, maji ya kijani matupu. Akatoa kikombe cha ulezi, akakipuliza mara moja. Ulezi wote ukaruka ukatua kwenye unga wangu wa maandazi. Yalikuwa makapi! Kumbe ndege anamenya punje, anakula cha ndani, na ganda analirudisha palepale juu, na mimi siku zote nilikuwa nayaangalia maganda nikidhani ni ulezi ambao hajaugusa.

Hapo ndipo nilipokuona. Kila asubuhi nilipopita kibarazani kwako, kabla hujaitikia salamu yangu, ulikuwa unapuliza kikombe kile, na mimi nakuuliza kama uji wa kasuku ni wa moto. Halafu unainama kulitazama gazeti chini ya tundu, nami nawaambia watu jamani mwoneni Mfipa, anasoma habari za mwaka jana. Ulikuwa unakagua kinyesi! Miaka yote ile ulikuwa unampima afya mbele ya macho yangu, ukaniacha nicheke. Ungenijibu mara moja tu, mtani.

"Na moshi huu," akasema Mama Felista, tayari anakohoa. "Mimi mtu mzima umenishika kifua. Yeye kifua chake ni kikubwa kuliko punje ya haragwe?" Akavua khanga ya juu, akalifunika tundu, akatoka nalo. Alipofika barabarani ndipo akageuka kuniangalia, macho yamemjaa machozi. "Nimechelewa, siyo? Nimekataa kumsikiliza, sasa nakuja na hawezi tena kusema."

Niliogopa, Dismas. Nilikuwa nimeshakuzika mara moja. Sikutaka kukuzika tena, safari hii kwenye shimo la kiganja.

Tulikwenda kwa bwana mifugo. Haikuwa siku ya kazi, lakini wafugaji hawamwachi hata Jumapili, kwa hiyo tulimkuta nyumbani kwake. Mama Felista mbele na tundu, mimi nyuma na mwavuli. Mwavuli ulimkinga ndege tu. Uani kulikuwa na Msukuma mmoja mrefu na ng'ombe wake mtamba amemfunga kwenye mti, mtamba ameinamisha kichwa. Akatuuliza tumeleta nini, akidhani kuku. Mama Felista akafunua khanga. Yule Msukuma akamtazama ndege, akatutazama sisi, nami nikajiandaa kuchekwa. Akasema tu, "Wangu naye alianza kwa kunyamaza." Akamsogeza mtamba wake, tupite mbele.

Bwana mifugo alitega sikio kwenye tundu muda mrefu. Akasema sindano yake ndogo kuliko zote ni kubwa kuliko mguu wa mgonjwa, na kwamba dawa ya kubahatisha hatatoa, maana ya ng'ombe anaijua na ya kuku anaijua, lakini huyu akikosea tone moja ndiyo basi. Akauliza anakaa wapi. Nikamwambia karibu na jiko, kwa ajili ya joto. "Mzee," akasema, "joto umempa, lakini umempa pamoja na moshi wa mkaa na mafuta ya kukaangia." Kisha akatueleza kitu nilichokishika: ndege anaficha ugonjwa kadiri anavyoweza, kwa hiyo ukiona amekaa chini amejikunyata, ujue ameshashindwa kuficha. Aondolewe kwenye moshi leo hii hii. Apewe joto lisilo na moshi. Tundu lifunikwe pande tatu, la nne libaki wazi kwa hewa. Maji na chakula viwekwe palepale alipokaa, asihangaike kupanda. Na asishikwe-shikwe. "Nitapita kumwangalia," akasema, "kesho."

Kesho! Tukatazamana na Mama Felista. Nusura acheke.

Hatukumrudisha kwangu. Tulimpeleka kwako, kwenye chumba cha kazi, jiko lenu liko mbali uani. Mama Felista akajaza maji ya moto kwenye chupa ya soda, akaizungushia tambara, akaiegemeza ubavuni mwa tundu. Akatafuta cha kufunikia, macho yakazunguka, yakatua kwenye rundo la nguo ulizoziacha. Akavuta suruali yangu ya kaki. Mguu mmoja ukaning'inia huku na mwingine kule, tundu likawa kama mtu aliyekatwa kiunoni. Nikasema angalau leo imepata wa kuivaa.

Bwana mifugo alipita kweli, akapita tena na tena, na kila mara aliondoka bila kusema atapona wala hatapona. Mimi nilikuwa napita kabla ya kuwasha jiko langu. Namkuta Mama Felista ameshabadilisha maji ya chupa, ameshapuliza makapi, ameshasoma gazeti. Siku ile kinyesi kilipoanza kuwa kigumu, cheupe na cheusi, alilileta gazeti mpaka mlangoni kunionyesha, na sisi watu wazima wawili tukalifurahia gazeti lile kama picha ya mjukuu. Mkia ukatulia. Manyoya yakashuka. Asubuhi moja akashika nyaya kwa mdomo, akajivuta hatua kwa hatua, akarudi kwenye kijiti chake. Akakunja mguu mmoja.

Lakini alikuwa hasemi. Mama Felista hakulitaja hilo, na mimi sikulitaja.

Sasa sikia. Juzi nilifika akiwa anashona sare za shule, cherehani inakwenda mbio. Nikaegemea mlango, na kwa mazoea tu, kama nilivyokuwa nakusumbua wewe, nikauliza, "Jamani, suruali yangu je?"

Kutoka chini ya suruali yenyewe: "Njoo kesho."

Cherehani ikasimama. Nilimtazama mkono Mama Felista nikingoja uvute khanga. Haukuvuta. Alicheka, mtani. Alicheka mpaka akalaza kichwa kwenye cherehani, akacheka mpaka machozi, na hata machozi yalipozidi bado alikuwa anacheka. Halafu akasogeza uso karibu na tundu, akasema polepole, "Rudia, baba." Akarudia. Akarudia wee, mpaka tukachoka sisi, yeye hajachoka. Mimi nilitoka nje kidogo kuangalia kama mvua imekatika. Ilikuwa haijakatika, lakini nilikaa hukohuko.

Niliporudi ndani aliniambia, "Mtani, sasa namkomboa." Nikamkumbusha kwamba mateka wa Unyamwezi hatoki bure. Akaivua suruali kutoka kwenye tundu, akatia zipu mbele ya macho yangu, akaikunja, akanipa. Nimeivaa leo. Kiuno kinapwaya. Sijui ulimpima nani, au ulinipima kwa matumaini.

Basi nikuache. Ndege anakaa kwako, mbali na moshi wangu, anapiga kelele zake na cherehani inamjibu. Mimi nakuahidi nitapita kila asubuhi, na kabla sijamsalimia mtu nitapuliza kikombe na nitasoma gazeti, mpaka watu wanicheke kama nilivyokucheka. Akininyamazia sitampa pole tena. Nitaangalia mkia.

Lala salama, Mfipa wangu. Na siku nikifika huko nikakukuta umekaa mlangoni na futi yako shingoni, usinionee aibu. Niambie lile lile ulilowaambia wote. Safari hii sitagomba, nitageuza nirudi nyumbani.

Mtani wako,
Maganga